Simu Tisa za Mzee Kalisto

Tik.

Ndivyo ilivyoanza, mwanangu: kwa sauti ndogo kuliko ya kalamu inayofungwa. Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya Alhamisi, msimu wa kuvuna mpunga, nami nilikuwa nimeketi peke yangu katika chumba cha simu mjini Mpanda, chai ikiwa bado ya moto na chapati imefunikwa kwa sahani. Tik. Nikainua macho. Baada ya dakika chache ikaja nyingine. Sauti hiyo nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Niliiagiza kompyuta iitoe kila mara mfumo wangu unapoikataa simu, ili katika juma la majaribio nijue kwa masikio kwamba kazi inafanyika. Kwa siku tatu ilinifurahisha. Asubuhi ile ilinishtua kwa sababu ya mpangilio wake: ilikuja, ikanyamaza kwa muda kama mtu anayesubiri jibu, kisha ikaja tena.

Umeniomba nikuangalizie mpango wa upigaji ulioutunga kwa ajili ya waajiri wako wapya, ile mistari inayoiambia mashine kila simu iende wapi. Nimeuangalia. Ni kazi safi, na ruwaza zako zimenyooka kuliko zangu za umri huo. Nimezungushia duara mstari mmoja tu, wa mwisho. Kabla sijakurudishia karatasi zako, vumilia nikusimulie mstari wa mwisho niliopata kuuandika mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya uzamili. Nasema hivyo bila majivuno, maana utaona ilinifikisha wapi. Nilizaliwa Majengo, hapa hapa Mpanda, nikasoma sekondari hapa, nikaondoka, nikakaa katika mji mkubwa miaka ya kutosha kusahau mambo ambayo sikujua kuwa ninayajua. Niliporudi nilipata kazi katika mradi mdogo uliokuwa ukivihudumia vijiji vya upande wa Mpimbwe, vile vinavyopakana na hifadhi. Kazi ya mradi ilikuwa moja. Tembo wakisogelea mashamba, mkulima anapiga namba ya mradi. Sisi wa Mpanda tunawaita kwa redio vijana wa doria waliopiga kambi karibu na mto. Nao wanakwenda na honi zao na moshi wa pilipili kuwarudisha wanyama porini kabla hawajakanyaga jasho la mwaka mzima. Watu waliita namba hiyo namba ya tembo, na wengi waliijua kwa kichwa kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wao.

Kabla sijafika, namba ya tembo ilikuwa simu moja ndogo ya vitufe mikononi mwa Bi Zaina. Alikuwa jirani yetu wa zamani Majengo, mama wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, mwenye miwani ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa uzi mwekundu. Hakuandika kitu. Alimjua kila mpigaji kwa pumzi yake. Simu ilimlilia kuanzia kunapokucha, na si wote waliopiga walikuwa wameona tembo. Wengine waliuliza bei ya mahindi Mpanda, wengine kama basi la Sumbawanga limekwisha kuondoka, na alikuwako mzee mmoja aliyepiga kila Jumatatu kumsalimu tu. Mkuu wa mradi alichoka na kelele hizo. Aliniita, akaniambia anataka simu za tembo zipite na nyingine zote zinyamaze.

Ombi hilo lilinikaa vizuri mno. Kama ujuavyo, ruwaza, ambayo nyie vijana mnaiita rejeksi, ni mstari mfupi wa alama unaoieleza mashine sura ya kitu badala ya kukitaja kitu chenyewe. Ni kama kumwambia mlinzi wa getini jinsi mgeni anayeruhusiwa anavyovaa, bila kumpa jina lake. Mradi ulikuwa umewagawia walinzi wa mashamba, mmoja kwa kila kitongoji, simu ndogo zenye laini zilizonunuliwa kwa mkupuo, na namba zake zote, baada ya sifuri, zilianza kwa tarakimu tano zilezile. Niliona kama nimepewa zawadi. Nikaweka alama ya kofia mwanzoni, maana yake anza hapa hapa. Nikaweka tarakimu tano zisizobadilika, nikaruhusu nne nyingine zozote, nikafunga kwa alama ya dola, maana yake ishia hapa hapa, isizidi hata moja. Nikakumbuka kwamba namba ileile huweza kufika ikiwa na sifuri mbele, au ikiwa na msimbo wa nchi, au msimbo huo uliotanguliwa na alama ya kujumlisha. Na kwamba alama ya kujumlisha ina kazi nyingine katika lugha hii, kwa hiyo sharti itanguliwe na mkwaju wa kinyume, ule mstari unaolalia kushoto, ili isomwe ilivyo. Yote hayo niliyatunza. Nilizijaribu namba za walinzi wote, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokwama.

Chini ya mistari hiyo nikaandika wa mwisho. Nukta, kisha nyota. Nukta ni alama yoyote, nyota ni mara zozote. Zikikaa pamoja zinamaanisha yeyote mwingine. Na mbele ya yeyote mwingine nikaandika neno moja: kata. Mashine iusikie mlio mmoja, isome namba, na kama namba hailingani na ruwaza yoyote hapo juu, ikate.

Siku nilipomwonyesha Bi Zaina, alisogeza miwani yake akatazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama kitambaa ambacho hakitanunuliwa.

"Na mtu mwingine akipiga?"

"Anakatwa, mama."

"Nani kamkata?"

"Mashine."

"Haya. Mashine imesoma kuliko mimi." Akacheka, tumbo likacheka pamoja naye. "Na mlinzi simu yake ikizima je?"

"Wamepewa na chaja za jua, mama. Makubaliano yao na mradi yanasema simu isizimwe."

Akainama juu ya ile simu yake ndogo ya vitufe iliyokuwa imelala mezani, akaiambia kwa upole, "Umesikia? Makubaliano yamesema usizime."

Nilicheka pia. Ningesimama hapo, mwanangu, nikalichukua swali lile kwa uzito wake, habari hii isingekuwapo. Lakini nililiona kama mzaha wa mama anayeogopa kunyang'anywa kazi, na kweli tangu siku hiyo zamu yake ilipunguzwa, akawa anaingia saa nne asubuhi badala ya saa kumi na mbili.

Sasa rudi nami Alhamisi ile. Tik ya kwanza ilikuja saa moja na dakika kadhaa. Ya tatu ilipolia nilifungua kumbukumbu za mfumo na kuona kwamba zote tatu zilitoka kwa namba moja, ambayo haikuwa ya mradi. Tarakimu zake za mwanzo hazikukaribiana na zetu hata kidogo. Ruwaza ilikuwa imefanya nilichoiambia. Hapo mtu mwingine angetulia. Mimi sina tabia hiyo. Nilichukua daftari nikaandika dhana nne. Kwanza, huenda ni mtoto anachezea simu ya mama yake. Pili, huenda kampuni ya simu imebadilisha namna inavyotuma namba, na huyu ni mlinzi wetu aliyevikwa namba isiyo yake. Tatu, huenda ni wale matapeli wanaopiga kila namba ili wapigiwe. Nne, huenda nimekosea mabano. Nikaanza kuzichunguza kwa mfuatano. Niliisoma ruwaza kwa sauti, alama moja moja, kidole kikiwa juu ya kioo. Nilijaribu tena namba za walinzi. Nilipiga simu kwa kampuni ya simu nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Na wakati wote huo, tik, kimya, tik.

Lilikuwako jambo la tano, nalo lilikuwa kuibonyeza namba ile na kusema alo. Halikuingia katika daftari. Nimelitafakari kwa miaka mingi na nadhani sababu ni hii: kumpigia mtu ambaye ruwaza yangu imemkataa kungekuwa kukiri kwamba zipo habari zisizojulikana na ruwaza. Nilikuwa tayari kufanya kazi yoyote ngumu ili nisifanye hilo moja jepesi.

Bi Zaina aliingia saa nne kamili, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hicho kinacholia kama mjusi?"

"Ni simu zilizokatwa. Namba ya nje ya mradi. Imeshapiga mara tisa."

"Mara tisa namba moja?"

"Ndiyo. Nadhani ni mtu anachezea, lakini nimeanza kuangalia uwezekano wa..."

"Rehema. Inalia mara ngapi ndiyo mashine yako inakata?"

"Mara moja."

Akakiweka kikapu chini taratibu, kama chenye mayai. "Ukimbipu mtu, akakukatia, umeelewa nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu nikiwa na sare ya shule, wakati salio langu lote lilitosha mlio mmoja tu. Nilikuwa nambipu mama yangu nikiwa stendi. Akikata, najua ameniona, anatafuta salio au anajitoa kwenye kelele, naye atanipigia. Basi nakaa juu ya begi langu nangoja, nimetulia, kwa sababu nimejibiwa. Huku kwetu aliyeacha simu ilie mpaka ichoke ndiye hakuona. Aliyekata ameahidi. Dar es Salaam nilikuwa nikinunua kifurushi cha mwezi, nikapiga na kupigiwa, na ahadi hiyo ikanitoka kichwani bila kuaga.

"Basi huyo umemjibu mara tisa," alisema Bi Zaina, tayari akiwa ameinama kusoma namba kwenye kioo na kidole chake kikibonyeza ile simu ya vitufe. "Mara tisa umemwambia unakuja."

Nilimsikiliza upande mmoja wa mazungumzo. "Alo. Ni mimi, Zaina wa tembo. Wewe nani? Sesilia wa Mzee Kalisto? Mbona unapiga na... Imeanguka majini? Lini? Haya, wako wangapi? Wameingia mpaka wapi?" Kisha sauti yake ikashuka. "Dungu limefanya nini? Nani alikuwa juu?" Alinigeukia, na bila kuiondoa simu sikioni akanionyesha redio kwa kidevu. Nikawaita vijana wa doria. Sauti yangu ilikuwa thabiti.

Yaliyotokea shambani tuliyajua jioni. Mzee Kalisto alikuwa mlinzi wa kitongoji chake, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Siku moja kabla, simu ya mradi ilimtumbukia kwenye maji ya jaruba, kile kitalu cha mpunga, akiwa anavuna, ikafa. Aliianika juani juu ya bati, ndivyo kila mtu angefanya, na usiku huo akalala akitumaini itafufuka. Kulipokucha alikuta tembo watatu pembezoni mwa mashamba, upande wa mto. Akaazima simu ya Sesilia, mkwe wake, ambayo ilikuwa na salio la kubipu tu. Akabipu. Ikalia mara moja, ikakatwa.

Majirani walikuwa wamekusanyika na madebe yao na vyuma vya kupigia. Tembo walikuwa bado wako pembezoni, na watu wengi wakipiga madebe kwa pamoja wakati huo, mara nyingi wanyama hugeuka. Mzee Kalisto akawaambia waache. Akawaambia, "Wametukatia. Tusiwachokoze wanyama, wenyewe wanakuja." Watu wakaweka madebe chini. Baada ya muda akabipu tena, ikakatwa tena. Akawaambia wako njiani. Mkewe, Mama Anastazia, akapanda dunguni, kile kilindo cha miti wanachokalia kuwafukuza ndege, kwa kuwa kutoka juu angeiona barabara na gari la doria likija. Alikaa huko macho yake yakiwa barabarani. Tembo wakaingia katikati ya mpunga, na mmoja akaja kujikuna kwenye nguzo ya dungu. Dungu likaenda chini pamoja naye. Mguu wake wa kulia ulivunjika juu ya goti.

Doria walifika muda mfupi baada ya kuitwa, maana hawakuwa mbali. Hawakuwa mbali tangu saa moja. Waliwatoa tembo, wakamlaza Mama Anastazia kwenye gari lao wakampeleka hospitali. Mpunga uliobaki ulikuwa wa kuokota.

Ijumaa mkuu wa mradi aliniletea ripoti niisaini. Palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa na kwamba mlinzi alitumia simu ambayo haikusajiliwa. Niliisoma kama ninavyosoma ruwaza, neno moja moja. Kila neno lilikuwa la kweli. Yakikaa pamoja yalikuwa uongo.

"Hii siwezi kuisaini," nilisema.

"Kuna kosa gani?"

"Mlinzi alipiga mara tisa. Sisi tulimkata mara tisa. Naomba iandikwe hivyo."

"Rehema, fikiri. Neno kata umeliandika wewe. Unajua unamtaja nani?"

"Najua. Ndiyo maana naomba niandike mwenyewe."

Akaisukuma ripoti upande wangu wa meza na kalamu juu yake. Niliandika. Halafu nikarudi chumbani nikaufungua mpango wa upigaji, nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Nukta na nyota niliziacha. Neno kata nikalifuta, na mahali pake nikaandika namba ya ndani ya meza ya Bi Zaina. Ruwaza zote za juu zilibaki na kazi yake ya kuwatanguliza walinzi. Lakini asiyelingana na chochote sasa alikuwa anafika kwa mtu. Kisha nikaongeza kipande kinachohifadhi namba ya kila aliyebipu na kumpigia yeye, kwa salio letu. Nikamwomba mkuu amrudishe Bi Zaina kwenye zamu ya saa kumi na mbili. Alisema atafikiri. Nikamwambia nitakaa mimi kwenye zamu hiyo mpaka amalize kufikiri, na Jumamosi na Jumapili nilikaa. Jumatatu Bi Zaina alirudi, na simu yake ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya yule mzee wa salamu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nitaisema wazi ili usije ukasema nilizungukazunguka. Mpango wa upigaji usomwe kuanzia chini. Ruwaza za juu zinaonyesha umesoma kiasi gani. Mstari wa mwisho unaonyesha umemfanyia nini mtu ambaye hukumfikiria, na huyo yupo siku zote, kwa kuwa simu huanguka majini na watu huazimana. Kabla hujaiagiza mashine ifanye jambo, nenda ukaulize kule litakakofikia jambo hilo lina maana gani. Kimya chako kinaweza kuwa ahadi masikioni mwa mwingine. Muulize hasa yule ambaye mfumo wako unakuja kumpunguzia zamu. Sauti usiyoielewa ikikujia mara ya pili, piga simu kwanza, uchunguze baadaye, daftari litakungoja. Na ukikosea, kosa liandikwe kwa mkono wako na jina lako liwe kamili, mapema, kabla sentensi safi haijakufikia mezani. Mimi sikuyafanya haya kwa wakati wake. Nimeyafanya tangu hapo, kila siku ya kazi, na bado tik ya kalamu ikilia chumbani naacha nilichoshika.

Mungu akupe sikio la kusikia jambo lisilolingana na ulichotarajia, na akupe miguu ya kulifuata upesi. Uendako, ukipiga upokelewe. Nawe ukipigiwa, upokee.

Baraka hiyo si yangu. Nilipewa na Mzee Kalisto mwishoni mwa simu niliyoichelewesha siku sita, na ni haki ujue ilivyokuwa.

Kurekebisha mfumo hakukuniogopesha. Kumpigia mzee yule kuliniogopesha. Nilianza kuandika nitakachosema. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maelezo ya ruwaza, nikaichana. Ya pili ilikuwa na neno samahani mara nyingi mno. Ya tatu niliipima kama ingemchosha mtu mwenye mgonjwa ndani, kwa kuwa Mama Anastazia alikuwa amesharudishwa nyumbani, mguu ukiwa umefungwa. Jumatano alasiri Bi Zaina, aliyekuwa akinitazama tangu Jumatatu, aliuliza, "Unaandika barua ya posa?"

"Natafuta maneno, mama."

"Anayo ya kwake, huyo mzee. Piga."

Nilipiga ile namba ya Sesilia, namba iliyokuwa imelia tik mara tisa. Ikaita mara moja. Ikaita mara mbili. Ikakatwa.

Nikaiweka simu mezani. Nilijua maana yake, si ndiyo? Ameniona, atanipigia. Lakini huku kwetu pia mtu mwenye hasira hukata, na nani alikuwa na haki ya hasira kuliko yeye? Huenda amekata kwa kuwa mkono wake una kazi. Huenda amekata ili nionje. Nilitaka kupiga tena na niliona kwamba kupiga tena ndiko alikokufanya yeye, mara tisa, majirani wakimtazama. Nikakaa. Nikatazama simu kama mkewe alivyotazama barabara. Sikuwa nimejua kwamba kungoja ni kazi ya mwili mzima. Bi Zaina alikaa akifunga upya uzi wa miwani yake.

Simu ikalia.

"Alo, mwanangu. Nilikukatia kidogo, nilikuwa namgeuza mama yako upande wa pili."

"Shikamoo, baba. Usimalize salio lako, ngoja nikupigie mimi."

"Marahaba. Acha, la leo lipo. Wewe ndiye yule binti? Zaina alisema kuna binti ana maneno, anayatafuta."

Zile rasimu zilikuwa mbele yangu na sikusoma hata moja. "Baba, ni mimi niliyeandika mashine ikate. Ikate wote wasiolingana na namba za mradi, ndivyo nilivyoandika. Hakuna aliyekuona siku ile. Mara zote tisa hakuna mtu aliyekuona."

Nilisikia kuku, na sauti za watu zaidi ya mmoja.

"Mguu utaunga, wamesema," alisema mwishoni. "Mpunga tutapanda mwingine. Kinachoniuma mimi ni kingine. Niliwaambia watu wekeni madebe chini, wakaweka, kwa sababu ni mimi nimesema. Sasa wiki nzima wananiangalia. Hawasemi. Siku tembo wakirudi, nikiwaambia jambo, nani atanisikia? Na nyie mkikata tena, nitawaambia nini?"

"Hatukati tena, baba. Mtu yeyote akipiga, kwa simu yoyote, atafika kwa Bi Zaina. Akibipu, tutampigia. Na ulichowaambia watu siku ile kilikuwa sahihi. Uliisoma ahadi yetu kama kila mtu angeisoma. Sisi ndio hatukuwapo."

"Hayo unaniambia mimi."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilishayajua. Wamekuja kumwona mgonjwa, wako hapa uani, wengi wao ni walewale wa madebe. Naweka spika. Waambie wao."

Nikamsikia akiondoka na simu, kiti kikisogezwa, mtu akiwaita wengine waliokuwa nje, mtu mwingine akinyamazisha mtoto. Kisha ile sauti tupu ya mahali palipojaa watu wanaosikiliza. Bi Zaina alikuwa ameacha kufunga uzi. Nikasimama, ingawa hakuna aliyeniona, nikataja jina langu lote na la baba yangu na la babu yangu wa Majengo, nikaanza.